Chuma cha Lango la Jirani

Risasi zilipokuwa bado zinasikika pembezoni mwa mji, jirani yangu wa mtaa wa Saio alikimbilia Butembo kwa ndugu zake. Aliniachia ufunguo wa parseli yake, nyumba pamoja na ua.

"Yaya, uniangalilie nyumba," aliniambia. Mimi ni mkubwa kwake, ndiyo maana huniita yaya, yaani dada.

Ndani hakuacha kitu. Chenye thamani kilikuwa lango. Marehemu mume wake, fundi wa chuma, alilitengeneza mwenyewe kwa vyuma vizito vilivyoyeyushwa humu humu Ituri, kwenye karakana ya zamani ya mgodi.

Mwaka uliofuata kulitulia kidogo. Nilikuwa katika komite ya kituo chetu cha afya, na wafadhili walikubali kutuwekea plaki za umeme wa jua ili akina mama wasizalie tena gizani. Walitoa sharti moja: vyuma vya kubebea plaki viwe vya nchini. Tulifurahi, mpaka tulipozunguka soko zima. Kila nondo ilikuwa imetoka Uganda. Za Kinshasa hazitufikii.

Fundi wetu wa kuchomelea akapita kwangu, akaligonga lango la jirani kwa nyundo.

"Mama, chuma ya inchi yetu, ya humu humu Ituri, si hii hapa?"

Namba ya simu ya mwenyewe nilikuwa nayo. Niliogopa atakataa. Nikasema, "Kata."

Taa ziliwaka, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapongezwa pamoja na wenzangu.

Jirani aliporudi, alikuta mabati pale palipokuwa lango.

"Mulango yangu iko wapi?"

"Wezi walibeba."

Hakuuliza wezi gani. Lakini tangu siku ile aliacha kuisalimia familia ya ng'ambo ya barabara, watu wa kabila lingine waliobaki mjini wakati yeye amekimbia. Watoto wao wakakatazwa kuchota maji kwake. Kwetu mambo ya namna hiyo hayakuwa madogo, nami nililijua hilo, nikanyamaza. Mwishowe familia ile ilihamia mtaa mwingine, Rwambuzi.

Nilisema ukweli siku binti wa jirani yangu alipokuja kujifungua. Mimi na jirani tulikuwa tumekaa nje ya kituo, nikamwona anavitazama vile vyuma chini ya plaki.

"Mudogo wangu, ile chuma ni ya mulango yako. Miye ndiye nilisema wakate."



"Chuma ningetoa," akasema. "Ungeniuliza tu, ningetoa. Lakini wale watu, yaya? Siku zote hizi nilikuwa nawaita wezi."

Jumamosi tulikwenda Rwambuzi pamoja. Nilieleza yote nikiwa nimesimama uani. Baba wa nyumba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mke wake alete kiti. Kililetwa kimoja. Akamkaribisha jirani yangu aketi, wakaanza kuulizana habari za watoto. Mimi hakunisemesha, na sikuwa na haki ya kungoja aniambie neno.