Pointi za Udhaifu

Juzi nilirudi Mafinga kula pilau la harusi. Tuelewane mapema: sikurudi kwa mapenzi, nilirudi kwa pilau. Nikashuka kwenye fuso la kubeba mbao pale stendi, baridi ikanishika masikio yote mawili kama mwalimu wa zamu, nikajua nimefika nyumbani. Kabla ya kwenda ukumbini nikasema ngoja nipite kwanza kwenye uwanja wa seremala, nyuma ya mashine ya kupasulia magogo, pale tulipokuwa tunacheza tukiwa darasa la saba.

Hakuna kitu, mwanangu. Yameota maduka ya fremu. Moja wanabandika vioo vya simu, nyingine wananyoa. Pale ilipokuwa meza yetu sasa kuna kiti cha kinyozi, na jamaa amekaa kafumba macho ananyolewa ndevu, hana habari kakalia nini.

Wewe hukuiona hiyo meza, basi ngoja nikupe picha. Ilikuwa ya mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo ambayo mashine inayatupa pembeni. Mguu mmoja mfupi, umewekewa jiwe. Chini maranda, yale mabaki ya mbao iliyorandwa, yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, laini, yana joto lake. Harufu ya utomvu wa mti wa msindano inakuingia puani asubuhi, unalala nayo. Msumeno wa mashine unalia kutwa nzima kama mtoto aliyekatazwa kitu bila kuambiwa sababu. Bibi yangu, ndiye aliyenilea baada ya mimi kuhamishwa kutoka kijijini Nyololo, alikuwa ananituma kiroba kimoja cha maranda ya kuwashia moto. Naondoka saa nne na viazi viwili vya kuchemsha mfukoni, kimoja kila upande, vinanipasha mikono njiani, vikipoa navila. Narudi jua linazama. Bibi ananiangalia na kiroba changu, anauliza, "Maranda ya leo umeranda mwenyewe?"

Nilikuwa nacheza Mashujaa, bwana.

Mchezo ulikuja na kaka yake Refa. Refa alikuwa mtoto wa mwalimu wetu, tulimwita hivyo kwa sababu kwenye mchezo ndiye alikuwa mwamuzi. Kaka yake alisoma chuo, Krismasi moja akaja na bunda la karatasi zilizochapwa na dadu za ajabu zenye pande nyingi kama sukari guru iliyomeguka. Likizo ikaisha, akaondoka na dadu, karatasi akaziacha. Zilikuwa za Kiingereza. Refa akatafsiri alizozielewa, asizozielewa akatunga mwenyewe. Na ninavyomjua, alielewa chache sana.

Unachezaje? Hamna ubao, hamna karata. Kila mmoja ana shujaa wake mwenye nguvu zisizo za kawaida. Refa anasimulia: kuna moto msituni, kuna jitu linaitwa Bwana Ukungu limemeza lori na dereva wake. Anakuuliza, unafanya nini? Unasema. Dadu hatuna, kwa hiyo tuliandika namba kwenye vizibo vya soda, moja mpaka ishirini, tukavitia ndani ya buti la mvua. Unazamisha mkono, unachomoa kizibo. Namba kubwa umefaulu, namba ndogo pole. Lile buti lilikuwa la seremala, kwa hiyo hata ukishinda, mkono unatoka unanuka kushindwa.

Sasa nguvu zilikuwa zinanunuliwa kwa pointi. Kila mtu anapewa ishirini. Kunyanyua gogo, kumi. Kutoonekana, kumi na tano. Kuruka angani, thelathini. Ukitaka zaidi ya ulizopewa, unataja udhaifu wa shujaa wako, Refa anakuongezea. Na yeye anaruhusiwa kuutumia huo udhaifu dhidi yako wakati wowote. Ndiyo bei yake. Hiyo ilikuwepo hata kwenye karatasi za kaka.

Aliyeharibu ni Binti Seremala, mtoto wa mwenye meza, ndiye bibi harusi wangu wa juzi. Namaanisha wa pilau, usinielewe vibaya. Shujaa wake aliitwa Mama Msumeno. Akasema, "Mama Msumeno anaogopa vipepeo. Nipe pointi zangu."

"Vipepeo wanamfanyaje?" Refa akauliza.

"Wanamtekenya."

Refa akaweka kalamu sikioni, kalamu ile bapa ya seremala, akatunga sheria papo hapo: udhaifu lazima uwe wa mchezaji mwenyewe, wa kweli. Wa uongo hauna pointi. Binti Seremala akawa anachora chora kwenye maranda kwa kidole cha mguu. Halafu akasema, "Naogopa baba akirudi kutoka kwenye ulanzi."

Ilikuwa masika, mianzi inagemwa, pombe yake ya ulanzi kila kona. Hakuna aliyecheka. Refa akampa pointi kumi bila kubishana. Na nikwambie ukweli, siku ile Mama Msumeno alipasua mlima mzima katikati, na mwenye shujaa alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga kelele kama yuko uwanja wa mpira.

Mimi nilitaka kuruka. Usiniulize kwa nini, mtoto wa Nyololo anayelala chumba kimoja na kuku wa bibi atataka nini kingine? Lakini nilipungukiwa pointi kumi. Nikafikiri. Naogopa mbwa? Kila mtu anaogopa mbwa, utapewa mbili. Ikabidi nitoe kile ambacho sikuwahi kumwambia hata bibi.

"Sijui kusoma."

Refa akacheka. "Acha masihara wewe. Sheria zote si unazo kichwani?"

"Ziko kichwani kwa sababu siwezi kuzisoma."

Kicheko kikakatika. Nikawaeleza. Nilihamia pale darasa la tatu, darasa limefurika mpaka wengine wanakaa dirishani. Nikisikia wenzangu wanasoma somo mara moja, limenasa. Nikiinuliwa nasoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku moja nilimaliza ukurasa wa pili kabla sijafunua wa kwanza, mwalimu akasema vizuri sana, kaa chini. Hesabu naweza, namba nazijua. Herufi ndizo zilikuwa zinaniangalia tu, na mimi naziangalia.

Refa akanipa kumi zangu. Akasema, "Haya, ruka."

Niliruka, mwanangu. Shujaa wangu aliitwa Mwewe Asiyetua. Nilipita juu ya misindano yote ya msitu wa Sao Hill, nikaona malori chini kama siafu, nikatoboa ukungu nikatokea Mbeya mjini, nikageuka kabla viazi havijapoa. Muda wote ule, kile nilichokuwa nakificha shuleni kama jipu, mezani pale ndicho kilichonipa mbawa. Sikuwahi kuwa na raha ile tena. Nakwambia nikiwa na akili timamu na sijanywa.

Ikaja Jumamosi moja, mtihani wa taifa umekaribia. Watoto wa mtaani walikuwa wamezunguka meza kutazama, maana tulishakuwa na mashabiki. Nikamwona mwalimu, mama yake Refa, anaingia uwanjani na kitenge begani, amekuja kununua mabanzi ya kuni. Refa naye akamwona. Mimi nilimwona akimwona. Hapo ndipo akaokota kipande cha ubao, akaandika neno, akakiweka mbele yangu.

"Mwewe Asiyetua, umefika mlangoni kwa Bwana Ukungu. Mama Msumeno amefungiwa ndani, pumzi inamwishia. Mlangoni kuna neno. Ukilisoma, unafunguka."

"Nachomoa kizibo," nikasema, mkono tayari uko ndani ya buti.

"Hakuna kizibo. Huu ni udhaifu wako. Soma."

Binti Seremala akaninong'oneza kitu. Refa akamkata, "Wewe umeshafungiwa, husikiki." Watoto wakaanza, "Soma! Soma! Mwewe soma!" Walidhani ni utamu wa mchezo. Nikalitazama lile neno mpaka macho yakatoa machozi, nikasingizia vumbi la mbao. Mwalimu akasogea, mabanzi kwapani.

"Kwani limeandikwaje hilo la kumshinda mtu wa darasa la saba?" akauliza. Akalitazama lile neno, akanitazama mimi. Ule msumeno nao ukazimika, sijui walikuwa wanabadilisha mkanda. "Mwanangu," akasema taratibu, "hujui kusoma?"

Neno lenyewe lilikuwa KARIBU. Binti Seremala aliniambia baadaye.

Jumatatu yake nilikalishwa darasa la pili. Kila asubuhi, magoti yamegusa kidevu, dawati linalia nikipumua. Wale watoto walinipokea vizuri, nisiwasingizie. Waliniita Mjomba. Mmoja alikuwa ananishika kidole ananipitisha kwenye herufi, "Siyo hivyo Mjomba, hii ina tumbo upande huu," halafu mapumziko ananiletea kamba za viatu nimfungie. Mwalimu alisema heri aibu ya muhula kuliko aibu ya maisha. Alikuwa sahihi. Mpaka leo sijamsamehe.

Kwenye meza nilirudi mara moja tu. Nikasema Mwewe anaruka, shabiki mmoja, kitoto hakijaota hata meno ya mbele, kikadakia, "Asome kwanza!" Wakaanguka kicheko. Binti Seremala aliinua kipande cha banzi amchape, lakini nilishanyanyuka. Kiroba changu nilikiacha palepale.

Jioni ile Refa alinifuata mpaka nyumbani. Akasimama mlangoni, bibi akaitikia salamu kwa "kamwene" yake bila kuinua uso kwenye sufuria.

"Nilitaka mama akusaidie," akaniambia. "Mtihani huo unakuja. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Akatikisa miguu kutoa maranda, akaondoka. Bibi aligeuza viazi, akasema kwa lugha ya kwetu, kwa Kiswahili inakuja hivi: mtu akikuonyesha panapomuuma, usipaguse hata kwa dawa mpaka akuombe. Halafu akaniuliza maranda yako wapi.

Mtihani ulinikuta nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, nikifika jiwe la mwisho kengele imeshalia. Wenzangu wawili wakafaulu, wakaenda sekondari. Mimi nikaenda kupakia mbao. Kusoma nilimalizia huko huko barabarani, maandishi ya nyuma ya malori ndiyo yalikuwa maktaba yangu, ndiyo maana nina busara nyingi zisizo na faida. Ila kuna kitu hawakuniambia. Nilipojua kusoma, kile kichwa changu cha kunasa kikaniaga. Leo nikitumwa vitu vitatu dukani nasahau viwili. Namba ya simu ya mke wangu sijaishika. Vilivyoingia kabla ya herufi tu ndivyo vimebaki, havifutiki: hadithi za bibi, masomo ya darasa la tatu mpaka la saba, na Mashujaa, sheria zote.

Basi ukumbini juzi nimeshika sahani, nikasikia mtu ananipiga bega. Refa. Ana suti, ana kitambi cha ofisini, anaishi Mbeya, kajenga hukohuko, mtaa wa Soweto. Tukakumbatiana, tukacheka, tukamtazama Binti Seremala anavyokata keki kwa nguvu zote, tukasema huyo ndiye yeye. Halafu akavuta kiti.

"Bwana, nina kijana wangu, anapenda mashujaa huyo, hatari. Nataka nimfundishe ule wa kwetu. Zile karatasi mama aliwashia moto zamani, na mimi sikumbuki hata kidogo. Nikakumbuka, wewe si ulikuwa nazo zote kichwani?" Akatoa simu, akaifungua pa kuandikia, kidole tayari. "Nitajie tu, naandika."

Nilikuwa nazo. Kuruka thelathini, kutoonekana kumi na tano, Bwana Ukungu anapungua nguvu jua likichomoza, Mama Msumeno hawezi kukata kitu chenye uhai. Zote zilipanga foleni mdomoni, moja nyuma ya nyingine.

"Nimesahau," nikamwambia.

"Hata moja?"

"Hata moja, kaka. Si unajua vichwa vyetu sisi."

Akaniamini papo hapo, hakubisha hata kidogo. Akarudisha simu mfukoni, akasema, "Dah. Basi ndiyo imekufa hivyo." Akaenda kupiga picha na maharusi.

Ningependa nikudanganye kwamba nilikuwa namlinda mtoto wake. Wapi. Nilitaka tu kibaki kitu kimoja duniani ambacho yeye hawezi kukisoma.