Mifupa ya Kusomea Biolojia

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Modogashe, jua likiwaka, na sikuwa na homa wala usingizi. Nilikuwa na hasira tu, na sijasikia hasira ikimwonyesha mtu vitu visivyokuwepo.

Hasira yenyewe ilitokana na Biolojia. Kidato cha nne nilipata D+ katika somo hilo, na chuo cha uuguzi kinataka C. Ulitaka nipate nini? Mwalimu wetu aliomba uhamisho usalama ulipozorota, tukiwa bado kidato cha pili, na hakuletwa mwingine. Nikajisajili kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Shule ikakubali nifanyie mtihani kwao, lakini darasani nisikanyage, eti nafasi hakuna. Basi nikawa mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja, na mwalimu huyo, nikuambie ukweli, alikuwa hajui kitu.

Nadharia nilikazana nayo hivyo hivyo. Kilichonitesa ni karatasi ya tatu, ile ya vitendo. Unawekewa kitu mezani hakina jina, ukitambue, ukichore, useme kila tundu na kila pembe ina kazi gani. Wanapenda sana kuweka mfupa wa uti wa mgongo. Kitabu changu kilikuwa nakala ya nakala, na pingili zote zilitoka kama madoa ya wino. Utatofautishaje doa na doa?

Maabara huku sina, lakini mifupa haijawahi kutushinda. Abti yangu, kaka yake mama, ana bucha. Nikamwomba anitolee uti mzima wa mbuzi, shingo hadi mkia, asiupige shoka.

"Mifuba bila nyama?" akauliza kwa kunitania, kwa Kiswahili chake cha wateja wageni, ambacho p hugeuka b. "Mtu anakula nini hapo?"

"Sili, abti. Nasomea."

"Haya, soma. Mungu akubitishe."

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nikataka na ya kondoo nilinganishe, kisha ya ngamia, kisha mingine ya akiba. Ikafika mahali kila mfupa uliotupwa nyuma ya bucha niliuzoa mimi. Niliichemsha, nikaisugua kwa majivu, nikaianika hadi ikawa myeupe. Nyumbani watoto hawakupi nafasi ya kusoma, kwa hiyo nikaihamishia kwenye nyumba ya adeer yangu, ndugu yake baba, ambayo ilijengwa kuta ikaachwa bila paa, mwisho wa mji, ng'ambo ya pale malori yanapolala. Nikatandika mkeka, nikaipanga kwa mfuatano. Na kwa mara ya kwanza nikaanza kuelewa. Pingili hii ya kwanza ndiyo hukuwezesha kuitikia kwa kichwa. Hii ya pili, yenye kijiti, ndiyo hukuwezesha kukataa. Ngamia na shingo yake yote ile ana pingili saba za shingo, sawa na mimi. Niliona raha, niamini, hadi nikacheka peke yangu.

Siku moja baada ya swala ya alasiri nikaona kivuli mkekani. Mwanamke mrefu, jilbabu limepauka, amesimama penye uwazi wa mlango.

"Habari ya kusoma," akasema.

Kwa Kiswahili. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Huku kwetu Kiswahili ni cha shuleni, cha ofisini na cha kuzungumza na wageni. Mama wa umri ule, sura ile, ataanzaje na Kiswahili kwa msichana Msomali mwenzake? Lakini mimi nilichofikiria ni kwamba huyu naye amekuja kunipotezea muda.

"Hii mifuba yote ni yako?"

"Ni yangu. Nimepewa na abti."

"Abti yako anauza nyama. Nyama ni yenu. Mifuba ikitubwa ni yetu." Hakusema kwa ukali. "Watoto wangu wanakuja bale nyuma ya bucha, hawabati kitu."

Nikadhani ni maskini wa Mungu anayetafuta ya kuchemshia supu. Nikamwambia hii imeshachemka, haina hata tone la mafuta, na mtihani wangu ni wiki ijayo. Nikimaliza atachukua yote.

"Watoto wanalia leo," akasema.

"Na mimi nimelia miaka miwili, mama. Ngoja wiki moja."

Akachutama. Akaichukua ile pingili ya pili, akasema bismillahi, akaipitishia kidole gumba. Nyama ikaota. Sijui niseme vipi ili uniamini. Nyama nyekundu, mbichi, yenye mafuta, ikafunika kijiti, ikafunika matundu, ikajaa kiganja chake, na nikasikia harufu yake.

"Sisi tunaona hivi," akasema. "Sasa na wewe uone."

Akaiweka mkekani, akatoka. Nilipochungulia nje, uwanda ni mweupe hadi upeo wa macho, na hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo dugsi ilinirudia, ile madrasa ya utotoni. Nani huku hajafundishwa? Mfupa wa mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mungu ni chakula cha majini, na kwao hurudi na nyama tele, kwa hiyo usiutumie kujisafishia haja. Nilikuwa nalijua hilo kama jina langu. Nikachukulia kwamba katazo ni la haja tu. Kwani kuna aliyetuambia habari ya Biolojia?

Nilikimbia bila viatu. Asubuhi nilirudi na abti, hatukukuta hata mfupa mmoja. Akasema ni fisi. Fisi gani huyo anayekunja mkeka na kuuegemeza ukutani?

Wiki iliyofuata nikaingia chumba cha mtihani. Mezani kulikuwa na kielelezo K. Wenzangu wakaanza kuchora. Mimi mbele yangu palikuwa na donge la nyama mbichi, linang'aa. Nikainua mkono, nikamwambia msimamizi changu hakijasafishwa. Akakiinua, akakigeuza, akanitazama usoni. "Ni mfupa, binti. Chora." Niliuficha uso kwa mtandio na nikaliacha swali lile lote tupu, mimi niliyeweza kuichora pingili yoyote nikiwa nimefumba macho.

Nilipata C-. Alama moja tu chini ya ile ninayoitaka.

Nimesomewa Kurani, na sheikh akasema nirudishe nilichochukua. Kila jioni napeleka mifupa ya abti kule kwenye nyumba isiyo na paa, naiweka chini, natoa salamu, naondoka bila kugeuka. Asubuhi haipo. Macho yangu bado hayajafunguliwa: kila mfupa nauona una nyama mbichi. Mwenyewe najiuliza kila siku: niliiba? Niliomba wiki moja. Lakini wenye njaa hawana haja na mtihani wa mtu.

Kwa hiyo wewe unayesoma peke yako huko uliko, usizoe mifupa. Ukilazimika, chukua mmoja, tumia mchana, urudishe pale pale kabla ya magharibi, na mtu akikuomba, usimwambie asubiri. Mimi nimejisajili tena. Wakituwekea jani au panzi, nitapita. Wakituwekea mfupa, niombee dua.