Mtukufu Chumbani kwa Dada

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na siku Mungu alipogawa haya, yeye alipanga foleni mara mbili. Mteja akimletea kitambaa kifupi, yeye ndiye anayeomba radhi. Kwa hiyo binti yake alipoolewa na chumba kikabaki kitupu, nani mwingine angefaa kukipangisha kwa wageni kupitia simu? Unapiga picha kitanda, unaiweka kwenye programu, mgeni analala siku chache, anakupa nyota, anakwenda zake. Kazi rahisi kabisa, kwa mtu mwenye ulimi.

Wageni wa mwanzo walikwenda zao. Kisha akaja Mtukufu. Jina hilo nimempa mimi. Alikuja kwa wiki moja, akaomba nyingine, akaomba mwezi, na dada akawa anabonyeza "kubali" kila mara, maana kumkatalia mtu aliyekwisha ingia ndani, alisema, ni aibu. Kulipa alilipa, simsingizii. Tena alikuwa mtu wa maana: alirekodi mafunzo ya mtandaoni kuhusu jinsi ya kuishi vizuri na watu.

Chumba cha binti kinaingia jua la asubuhi, na jua lilimsumbua Mtukufu. Dada akampa chumba chake mwenyewe. Basi yeye akahamia kile cha jua? Thubutu! Mtukufu alikwisha kigeuza ofisi, kaweka taa, katundika vitambaa vyeusi ukutani. Mwenye nyumba akaenda kulala sebuleni, kwenye kochi, katikati ya cherehani na mafungu ya sare za shule, akasema anabadilisha hewa. Na cherehani yenyewe ilifanya kazi kwa ruhusa. Mtukufu akitaka kurekodi alichungulia mlangoni, akaweka kidole mdomoni, na dada akaondoa mguu kwenye pedali haraka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Dada, mtoe huyu mtu," nilimwambia.

"Nitaanzaje, mdogo wangu? Si atanipa nyota moja?"

"Hata akikupa mwezi mzima! Unalala kwenye kochi!"

"Ni mstaarabu. Ataona mwenyewe."

Aone nini, na macho yote yako kwenye kamera?

Ndipo binti akapiga simu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imekaribia, mumewe yuko kazini mbali, na alitaka kujifungulia kwa mama yake. Dada alilia kwa furaha, halafu akakata simu akalia kwa sababu ya pili. Binti hakuambiwa kitu. Badala yake dada aliamua kumpa Mtukufu vidokezo: akashona vinguo vya kichanga, akavianika mbele ya dirisha lake. Mtukufu alivisifu sana, kisha akaomba viondolewe kwa sababu vinaonekana kwenye video. Dada akawaandikia watu wa programu wamsemee. Wakamjibu kwamba wanathamini hisia zake, na wakamwomba awape nyota kwa huduma hiyo nzuri.

Siku ya kuja binti tulikuwa sokoni, mimi na dada, tunanunua beseni la kumwogeshea mtoto. Basi lake likawahi. Tuliporudi tulimkuta nje ya geti, amekaa juu ya begi, miguu imevimba.

"Mbona hukuingia?" dada akauliza.

"Nimebisha, Mama. Kuna baba mmoja kafungua. Kasema pole, nyumba imejaa, na hapa hawapokei watu bila taarifa."

Sikuthubutu kumtazama dada.

"Ni mpangaji tu, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Niliona haya kumtoa."

"Yeye umemwonea haya," binti akasema, bila hata kupandisha sauti. "Na mimi je, Mama?"

Nimemjua dada maisha yangu yote, na uso ule sikuwahi kuuona. Aliweka beseni chini, akaingia ndani, akafungua mlango wa chumba cha binti, ile ofisi, bila kubisha. Mtukufu alikuwa katikati ya somo.

"Narekodi, mama," akasema kwa upole.

"Rekodi na hili. Mwanangu amekuja kuzaa. Hama. Leo hii, sasa hivi."

"Lakini tungekaa kwanza, tukazungumza kiungwana..."

"Tukae wapi? Umeniachia kochi!"

Nilimsaidia kufungasha vitambaa vyake vyeusi, kwa mapenzi makubwa mno, na vingine vikachanika. Nilifurahi, sifichi.

Mtukufu akaburuta masanduku yake hadi getini, akageuka kuaga, mpole vilevile, mkono kifuani. Dada naye, kwa mazoea, akafungua kinywa.

"Karibu te..."

Binti akainuka na tumbo lake lote, akamziba mama yake mdomo kwa kiganja.