Marehemu wa Mpira

Kwa miaka mingi Régine Nkandu alikuwa mwalimu wa huduma ya kwanza katika kiwanda kimoja cha unga karibu na reli, Lubumbashi, na katika miaka yote hiyo hakufaulu kumfundisha mtu hata mmoja. Wafanyakazi walikuja darasani kupumzisha miguu. Alikuwa na mwanasesere wa mpira wa kufanyia mazoezi, ukubwa wa mtu mzima, nao wakambatiza Papa Osée, wakawa wanamsalimia asubuhi na kumwazima kofia. Lakini ukimwambia mmoja apige magoti ampulizie pumzi, ghafla alikumbuka kuwa anaitwa na bosi.

Régine hakuona kichekesho hapo. Mumewe aliangukia sokoni Kenya, mtaa wa hapohapo Lubumbashi, mbele ya umati. Mmoja alimmwagia maji, mwingine akamnywesha bia, wengine wakamsimamisha wima kama gunia, na wote, kwa moyo mwema kabisa, wakammaliza. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: apatikane mtaani kwake Kamalondo mtu wa pili anayejua la kufanya. Maana siku akianguka yeye, nani angemshughulikia?

Ikaja ile Oktoba ya uporaji, enzi za Zaire, askari walipobomoa maduka na raia wakafuata nyuma kuokota makombo. Kiwandani watu walibeba unga, viti, mpaka milango. Régine aliingia akatoka na Papa Osée, akamlaza kwenye mkokoteni, akamfunika shuka asipate vumbi.

Shuka ndilo lililoharibu mambo. Mji ule, maiti ikipita, kofia zinavuliwa, na hata mwenye haraka zake hugeuka kusindikiza. Mama mmoja akauliza, "Ni nani alikufa?" Régine, hoi kwa kusukuma, akajibu kwa mazoea, "Ni Papa Osée." Yule mama akaangua kilio. Hakumjua Papa Osée yeyote, lakini msiba hauombi utambulisho. Walipofika njia panda palikuwa na kwaya nzima nyuma ya mkokoteni, na waporaji wenye akili walikuwa wameingiza magunia yao chini ya shuka, hivyo marehemu akazidi kunenepa. Kila Régine alipofungua mdomo aeleze, alishikwa mabega na kuambiwa apige moyo konde.

Aliyemsaidia kusukuma ni jirani yake Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini. Duka lake lilikuwa limefagiliwa asubuhi ileile, akabakiwa na paketi moja ya biskuti mfukoni. Walipoona kizuizi cha askari mbele, Kambale aliapa moyoni kwamba hiyo hawaipati, akaishindilia yote mdomoni.

Askari wakavua kofia. Kwaya ikapandisha sauti. Kambale akashika koo, macho yakamtoka, machozi yakamwagika.

"Mumushike, iko na uchungu mingi," mama mmoja akasema, na wanaume wawili wakamkumbatia kwa nguvu wamfariji.

Kila wiki Régine alikuwa akirudia somo hili kwa wanaosinzia: anayepiga kelele anapumua, mtafute aliyenyamaza. Katika msafara wote ule wa kulia, Kambale peke yake hakutoa sauti.

"Mumuache," Régine akasema. "Ule haiko analia. Haiko anapumua."

Hawakumwachia. Mjane amechanganyikiwa, walinong'ona. Régine akawakanyaga vidole mpaka wakalegea, akamwinamisha Kambale, akampiga kwa kiganja kati ya mabega, tena na tena. Kisha akamkumbatia kwa nyuma, akaweka ngumi juu ya kitovu, akavuta kwa ndani na juu. Bonge la biskuti likaruka, likatua kwenye buti la mkubwa wa askari. Kambale akavuta pumzi kwa mkoromo na kuanza kulia kwa sauti, na Régine akamshukuru Mungu kwa kelele hizo.

Askari akatazama buti lake, akamtazama Kambale, halafu mkokoteni. Akainua bunduki.

"Mama, na ule umulamushe."

"Lakini ule..."

"Huyu ulimulamusha. Ule utamuacha juu ya nini?"

Hoja yake haikuwa na kasoro: aliyemfufua mmoja ana sababu gani ya kumwacha wa pili? Wanaume wawili wakamshusha marehemu barabarani na shuka lake, magunia yakabaki mkokotenini, wakashangaa wepesi wake, wakalaumu njaa. Régine akapiga magoti. Akafunua uso tu, akainamisha kichwa nyuma, akainua kidevu, akabana pua, akapuliza. Papa Osée alitengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Kifua kikapanda pamoja na shuka lake, kisha kikashuka.

Aliyetangulia kukimbia ni mkubwa wa askari. Wenzake wakamfuata, kwaya ikafuata, wenye unga wakausahau unga. Kambale naye alikimbia. Barabara isiyokosa watazamaji ikabaki tupu, na Régine akakaa chini akalia kilio chake mwenyewe, kwa hasira, maana pumzi aliyoipuliza vizuri kuliko zote ndiyo iliyomfukuzia mwanafunzi wa mwisho.

Baadaye akasikia viatu. Kambale alikuwa anarudi, hatua mbele, hatua nyuma. Régine akamwonyesha magunia kwa kidevu, akidhani amefuata unga. Kambale hakuyaangalia. Akapiga magoti upande wa pili wa shuka.

"Mama Régine, unaanzia wapi?"

Régine akafuta uso. "Kwanza unamugusa kwa bega. Unamuita."

Kambale akaweka mkono wake mpana kwenye bega la mpira, polepole, asije akamwumiza.

"Papa Osée," akasema, "unanisikia?"

Akasubiri jibu kwa heshima zote, na Régine hakumharakisha.