Utani Hauombewi Radhi

Vasemaca wa Waidamu si mtu mbaya, na hilo mlijue kabla sijaanza kumsema, maana nitamsema. Mikeka anayosuka hailegei, majani yake ya magimbi kwa tui la nazi hayana mpinzani, na bila sauti yake kwaya ya akina mama hupwaya. Lakini kubwa kuliko yote, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa kijiji. Miaka ile intaneti haijafika upande wetu wa kisiwa cha Vanua Levu, redio ilikuwa yake na habari zilikuwa zake. Mchana, akina mama wakikaa chini ukumbini kusuka, yeye husimulia. Na alijua kusimulia, jamani! Kimbunga kilichoangusha migomba miwili redioni, kikishapita kwa Vasemaca kimeng'oa paa la kanisa. Alitia chumvi, ndiyo, lakini nani hapendi chumvi?

Kisha likaja dishi la Torika.

Torika ni mke wa Nemani, na Nemani ni mdogo wake Vasemaca. Kwa hiyo ni mawifi, na kwetu mawifi ni watani. Wifi yako anaweza kukuita mwizi mbele ya mchungaji, akatia mkono kwenye sufuria yako na kuondoka na nyama, nawe huna haki ya kununa. Anayeukasirikia utani ndiye mkosaji. Na hawa wawili walikuwa mabingwa. Vasemaca akimwona Torika njiani hupaza sauti, "Enyi wanawake, fungeni masanduku, mwizi huyo anapita!" Torika naye hageuki, anajibu huko huko aliko, "Niibe nini kwako, wifi? Chawa?" Tulikuwa tunacheka hadi mbavu zinauma.

Dishi hilo la intaneti lilinunuliwa na Ateca, binti yake Torika, anayechuma matunda ng'ambo, Queensland, ili mama amwone mjukuu. Nemani akalipigilia juu ya bati. Kwa Kiswahili hiki ninachosimulia, wifi wa ndoa na wifi wa hewani wanaandikwa sawa, na siku hizo Vasemaca alichoshwa na wote wawili.

Maana Torika hakuishia kwa mjukuu. Alianza kusoma habari za teknolojia, akawa anakuja nazo ukumbini: simu zinazotengenezwa siku hizi, kompyuta zinazojibu kama watu, matapeli wanaoiga sauti ya mtoto wako wakakuomba hela. Alisema taratibu, bila mbwembwe. Jambo asilolijua alisema, "Hili sina hakika nalo, ngoja nikaangalie," na kesho yake kweli alikuwa ameangalia. Nani angedhani mtu anaweza kupendwa kwa kusema hana hakika? Lakini wanawake walianza kuweka mikeka chini wamsikilize. Kwa Vasemaca walikuwa wanasikiliza huku mikono inasuka.

Siku moja Vasemaca alikuja na habari yake, ameipata kwa simu kutoka kwa binamu wa mjini Labasa: kuna jani, ukilichemsha na maji ya mvua, kisukari kinakwisha.

"Nani kasema, wifi?" Torika akauliza.

"Imeandikwa!"

"Imeandikwa na nani? Na yeye kasikia kwa nani?"

"Imeandikwa, wewe! Hujui kusoma?"

"Hata chooni sokoni Savusavu pameandikwa," Torika akasema, "ila sijaona mtu akichemsha."

Ukumbi ukalipuka. Vasemaca naye alicheka, afanyeje, utani ni utani. Lakini moyoni hakucheka. Aliona gere. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe baadaye alisema wazi: alimwonea Torika gere mpaka chakula kikawa hakishuki. Hata mkuu wa kijiji, Sailosi, aliyekuwa akisimama kwa Vasemaca kila jioni kuulizia hali ya hewa, sasa alipita mlango ule kama hauoni, akaenda kwa Torika.

Hasidi hana sababu, wanasema. Huyu sababu alikuwa nayo, na ndiyo maana alikuwa hatari zaidi.

Akaandika. Kwenye ukurasa wa kijiji chetu mtandaoni, wanakokutana watu wa Waidamu waliopo na waliotawanyika, aliandika hivi: "Ndugu zangu, tangu wifi yangu Torika aweke dishi, magimbi yetu yanaoza ardhini. Mionzi inachoma mizizi. Na usiku dishi linatega sikio kwenye nyumba zetu, yeye anauza maneno yetu ng'ambo. Ndiyo maana ana nguo mpya." Chini akapanga sura za kucheka, nyingi, safu nzima.

Angeyasema hayo ukumbini, Torika angemjibu na mambo yangekwisha. Ukumbini tunaona uso, tunajua nani wifi ya nani. Vasemaca alilijua hilo. Alijua pia kwamba Torika hawezi kulalamika, maana atakayekasirika kashindwa. Aliutafuta utani makusudi, akajifunika nao.

Na kweli mwaka ule magimbi yalikuwa yanaoza. Mvua ilizidi, basi.

Mtu wetu mmoja wa mjini Suva aliyachukua maneno yale, sura za kucheka akaziacha, akayapeleka kwenye ukurasa mkubwa. Mwingine akabandika picha ya magimbi meusi, sijui ya nchi gani. Mwingine wa Sydney akaongeza kwamba kuna mwanasayansi amethibitisha. Watu wanapenda kusema simu ndiyo imetuharibu. Simu haina kijicho, jamani! Kidole kilikuwa cha Vasemaca, na wale waliosambaza nao hawakuazima vidole vya mtu.

Habari ikarudi Vanua Levu ikiwa imenenepa. Vasemaca mwenyewe aliletewa na dada wa kanisa kutoka kijiji cha pili, amekuja mbio na simu mkononi.

"Umesikia? Mwanasayansi wa Suva amegundua madishi yanaozesha magimbi!"

"Mwanasayansi?" Vasemaca akaishika simu, akasoma mstari kwa mstari. "Ala! Kumbe ni kweli!"

Akatoka hadi shambani kwake, akang'oa shina moja kuangalia mizizi. Alipokuwa amepiga magoti kwenye tope ndipo alipokumbuka mwanasayansi ni nani.

Wengine hawakuwa na la kukumbuka. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mtoto akipewa andazi kwa Torika, mama yake analitupa kwa kuku. Akina mama wakipita karibu na nyumba ile walinong'ona, wasije wakasikiwa na dishi. Torika alipoyasoma maandishi yale mara ya kwanza alimcheka wifi yake, "Umeniweza leo!" Mara ya pili hakucheka. Kisha akaacha kuja ukumbini. Mkuu wa kijiji akatangaza: Jumatatu kijiji kitakaa, dishi libaki au lishushwe.

Na Vasemaca? Vasemaca alirudishiwa kiti chake. Jumamosi ile akina mama waliweka mikeka chini wakamgeukia yeye. "Hebu tuambie, mama, yule mwanasayansi alisema nini tena?" Angeweza kulikomesha jambo papo hapo. Alifungua mdomo, akahisi macho yote yako kwake kama zamani, akasema, "Alisema na mihogo itafuata." Wakashika vinywa. Utamu wa dakika ile, alikuja kumwambia mumewe, hajawahi kuupata hata siku ya harusi yake.

Jioni Nemani akaja.

Kwetu kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawapigi soga. Wanaheshimiana mpaka kuogopana, na neno likiwepo linapitishwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo Vasemaca alipomwona mdogo wake amesimama mlangoni pa jiko, macho chini, kijiko kilimponyoka.

"Dada, nisamehe kwa kuja," Nemani akasema. "Nauliza neno moja. Ulikuwa utani?"

"Utani, sasa nini?"

"Basi Jumatatu nitawaambia hivyo."

"Waambie."

"Nimeshawaambia, dada. Wanasema namkinga mke wangu. Wanasema kila utani una mbegu ya kweli ndani." Akakuna ukingo wa mlango kwa kucha. "Torika amemwambia mjukuu asishangae asipomwona bibi tena. Mtoto akauliza, bibi, umekosa nini?"

Akaondoka. Hakumlaumu wala hakupandisha sauti, na Vasemaca alitamani angepandisha.

Mumewe Kaliova alikuwa amesikia yote kutoka sebuleni.

"Wewe nawe Jumatatu simama, sema ulitania. Yaishe."

"Hayaishi hivyo. Wakisikia utani wanaamini zaidi. Kaliova, lile jino lipo?"

"Jino gani?"

"La nyangumi. Ulilomwekea kijana wetu kwa harusi yake."

Kaliova akakaa chini. "Mke wangu, una wazimu? Jino la nyangumi ni la kuombea radhi, na utani hauombewi radhi! Ukilipeleka umekiri kwamba..."

"Najua nitakuwa nimekiri nini."

"Watakuimba mpaka wajukuu."

"Lete jino."

Msidhani wivu ulikuwa umemtoka. Usiku ule na Jumapili nzima ulimpigia hesabu zake: dishi likishuka, ukumbi ni wako, kaa kimya tu. Ulikuwa unasema kweli. Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la kanisani huku ungali unasema.

Ukumbini wanaume walikaa mbele kulizunguka bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha vikao, akina mama nyuma karibu na mlango. Torika alikaa peke yake, nafasi ya watu wawili imeachwa kila upande. Sailosi hata hajamaliza kufungua kikao, Kaliova akajikokota kwa magoti hadi katikati, jino limening'inia kwa kamba mikononi mwake. Akasema analileta kwa nyumba ya Nemani, kwa kosa la mkewe. Watu wakatazamana. Kosa? Si walisema utani?

"Kosa gani?" Sailosi akauliza.

Vasemaca akajibu kutoka kule nyuma, ingawa si desturi. "Haukuwa utani. Ni wivu. Nilimwonea wifi yangu gere kwa sababu mlikuwa mnamsikiliza. Dishi halichomi magimbi, wala halimsikilizi mtu. Magimbi yameozeshwa na mvua, na nyie wakulima mnajua. Hakuna mwanasayansi wa Suva." Akajipiga kifuani. "Mwanasayansi ni mimi."

Siku nyingine tungevunjika mbavu. Siku ile hakucheka mtu.

Mjomba wa Nemani akalipokea jino, akasema maneno ya kupokea, wanaume wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Kwetu ikishapigwa makofi hayo, jambo limezikwa, haruhusiwi mtu kulifukua. Torika akainuka, akavuka ukumbi, akamkumbatia Vasemaca, wakalia wote. Dishi likabaki juu ya bati, na akina mama waliokuwa wakinong'ona walikuwa wa kwanza kwenda kuomba andazi.

Vasemaca aliandika mtandaoni pia, kwamba alidanganya, akaweka jina lake. Waliosoma walikuwa wachache, na mmoja akamjibu kwamba amehongwa na wenye madishi. Mpaka leo watu hupiga simu kutoka Sydney kuulizia magimbi yetu.

Lakini mimi nataka kuwaambia habari ya Jumanne. Torika alirudi ukumbini. Akina mama wakampigia kelele za furaha, na Vasemaca akasogea, akapigapiga mkeka pembeni yake.

"Wifi, gauni hilo umelianua kwenye kamba ya nani?" akamtupia.

Torika akajitazama kifuani. "Amenitumia Ateca," akasema kwa upole. "Asante, Vasemaca. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Na Kaliova?"

"Mzima."

"Tumshukuru Mungu." Akakaa hapo hapo alipoonyeshwa, akampunguzia ukili wake mzuri bila kuombwa, akauliza kama mgongo bado unamsumbua. Hakukuwa na kisasi machoni pake, Vasemaca alitafuta sana. Alikuwa amesamehewa kabisa. Tangu siku ile Torika hajawahi kumsemesha vibaya hata mara moja.

Mara akaingia Litia, binamu yake Nemani, ambaye naye ni wifi ya Torika. Torika akainua kichwa, uso umewaka.

"We Litia! Mumeo alipita kwangu asubuhi anamtafuta mbuzi wake. Nimemwambia yuko njiani, anakuja kusuka mikeka!"

"Mbuzi ni nani, we kibogoyo?"

"Jisikie sauti yako, wifi! Mpeni majani huyo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mtu akajipiga mapaja, mtu akapaliwa na chai. Vasemaca akainamia mkeka wake ili macho yake yasionekane. Angekuwa na jino jingine la nyangumi, angelitoa pale pale, aitwe yeye mbuzi.