Kesi ya Saa Saba Mchana

Mwanangu, kuna siku moja inayonirudia kila jua linapopanda juu ya mabati. Wewe ulikuwa mchanga, shingo haijakaza, na mimi nilikuwa karibu kurudishwa kwetu kama sufuria iliyotoboka. Kosa langu? Kulala mchana.

Mimi si kikongwe, bado nina maziwa kifuani. Lakini neno hili ni heri ulisikie kwangu kabla hujaoa na kuanza kusema upuuzi.

Nyumba yetu hapa Kisangani ilikuwa na paa la majani kabla sijaja. Papa yako akaliondoa, akaweka mabati, maana majani, alisema, ni ya kijijini. Dirisha la nyuma akalipigilia mbao kwa sababu ya wezi. Asubuhi, nyumba nzuri. Jioni, nyumba nzuri. Lakini kuanzia saa sita hata saa tisa, mwanangu, haikuwa nyumba, ilikuwa tanuri. Na nje hapakuwa na kivuli cha kukimbilia. Lupango letu, ua mzima, lilikuwa tupu kama kiganja.

Joto lile halikupigi. Linakushika polepole, kama mtu anayekuziba macho kwa mikono kutoka nyuma. Mabati yanaanza kulia, ta, ta, ta, yakijinyoosha. Sauti za majirani zinakuja kutoka mbali, kama watu wanaozungumza chini ya maji. Nilikuwa nashika kisu cha kukatia pondu, majani ya muhogo, nakitazama, sikumbuki kinafanya nini mkononi. Mara nikaota umerudi tumboni mwangu, tunaelea sote wawili kuelekea Yanonge, mto unakoshukia, hakuna mtumbwi, hakuna mtu wa kutuita. Mvua ikaninyeshea humo ndotoni, nikainua mdomo niinywe. Ilikuwa na chumvi. Kumbe ni jasho langu mwenyewe.

Nikizinduka, moto umezimika, pondu ingali mbichi, na papa yako amesimama mlangoni.

Yeye mchana wake ulipita kazini, katika depo, ghala la mfanyabiashara mmoja kando ya mto, jengo la zamani, kuta nene, ubaridi kama wa pangoni. Alirudi jua limekwisha kupoa, akauliza nimefanya nini tangu asubuhi. Wanawake wa kwao wakaniambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu ikiachwa kwenye joto huoza, nani hajui?

Mwishowe akamwita tonton yake, kaka wa baba yake na mkubwa wa ukoo, atoke Bengamisa aje akate neno: nibaki, au nirudi kwa wazazi wangu na wewe ubaki kwao. Sikia vizuri hapo. Wewe ubaki kwao. Hasira niliyokuwa nayo ingeivisha pondu bila moto.

Tonton alikuwa mtu wa maneno machache, kitambaa shingoni. Jumapili asubuhi, baada ya misa, tukakaa nje. Papa yako hakungoja.

"Tonton, huyu muke ni muvivu. Kila siku iko nalala muchana!"

"Analala saa ngapi?"

"Saa saba, saa nane, vile."

"Wapi?"

"Si ndani ya nyumba!"

"Bon. Maneno yako nitayasikiliza saa saba, ndani ya nyumba. Sasa munipe chai."

Ilipofika saa saba tukaingia, wewe begani mwangu. Tonton akafunga mlango kwa mkono wake. Papa yako alianza kwa kishindo, shati la misa limefungwa hadi kooni. Kosa la kwanza, moto kuzimika. Kosa la pili, nguo kubaki bila kufuliwa. Akafungua kifungo. Kosa la tatu... akaomba maji. Akarudia kosa la kwanza.

"Endelea, mwana, tunakusikia," tonton akamwambia, naye macho yamelegea.

Mabati yakalia juu yetu. Sauti ya papa yako ikalainika kama mshumaa, maneno yakatoka bila mikia, kidevu kikashuka kifuani. Akalala. Akakoroma, mwanangu, katikati ya kunishtaki!

Nilitaka kumtikisa. Tonton akanizuia, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Muache. Tuone kama ataamuka kupika."

Alipoamka, shati limemganda mgongoni, tonton hakupaza sauti. "Wewe unajua nyumba yako ya asubuhi, unajua na ya jioni. Hii ya saa saba umeingia leo. Ulikuwa umekaa tu, na umeshindwa kumaliza maneno. Huyu iko na mutoto, iko na kisu, iko na moto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muke haendi popote. Leta nyundo."

Papa yako aling'oa zile mbao za dirisha. Upepo mdogo ukaingia, ukakupapasa kichwani, nawe ukashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye akatia vyuma dirishani, akajenga na banda la majani nyuma ya nyumba. Naam, majani.

Donc, mwanangu, ukiwa na nyumba yako, usipime uchovu wa mtu kwa kumtazama jioni. Kaa naye saa ile inayomchosha, palepale inapomchosha. Joto hula nguvu za mtu kimyakimya, na aliyeliwa hana kidonda cha kukuonyesha. Kazi nzito zifanyike alfajiri. Mchana fungua madirisha, mpe mwenzako maji kabla hajaomba, na akisinzia, mshike mtoto wewe. Hiyo haikupunguzii uanaume hata kidogo. Neno mvivu ni jepesi mdomoni. Mimi lilikaribia kuninyang'anya wewe.

Mungu akupe nyumba inayopitisha upepo. Akupe masikio yanayotangulia mdomo. Na yeyote atakayejilaza chini ya paa lako mchana, alale bila kuogopa hatua zako mlangoni.