Pamba Iliyochemka Chumbani

Harufu ya pamba iliyovunda naichukia mpaka leo. Ni uchachu wa ukungu unaokaba koo, na kwetu, nje kidogo ya Bariadi, msimu ule ulijaa katika chumba tulicholala mimi na dada yangu Kabula. Chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, wakigombania pamba bila kuikagua sana, na watu wakaona hapo pa kufanyia ujanja. Walinyunyizia pamba maji ili iwe nzito. Baba mdogo, aliyetusimamia tangu baba afariki, hakutaka kupitwa. Alimwaga ndoo nne kwenye lundo lililokuwa chumbani mwetu, ambalo mama na sisi tulilichuma mpaka vidole vikachanika. Pamba hiyo ndiyo ingempeleka Kabula sekondari. Alikuwa amefaulu, na fundi alikwisha kumpima sare.

Lori likachelewa. Siku ya tatu nilitia mkono kwenye lundo nikautoa mbio, kumbe ndani ni moto kama uji. Mama akasema, "Shemeji, tuianike." Baba mdogo akamfokea: "Ianikwe ikauke, maji yangu yapotee? Igeuzeni humo humo ndani, itapoa." Basi kila asubuhi tuliigeuza. Ilipoa kidogo, lakini kufikia jioni ilikuwa imechemka zaidi, na nyuzi zikaanza kuwa nyeusi. Mnunuzi alipofika alichota kidogo, akanusa kiganja, akakipangusa kwenye suruali na kuondoka. Kabla ya mvua Kabula aliozwa, na baba mdogo akawaswaga ng'ombe wa mahari hadi zizini kwake huku akipiga mluzi. Sijamsamehe, wala sina mpango huo. Msimu uliofuata mama alimfungia mlango, na pamba aliyoiuza mwenyewe ikanisomesha mimi.

Sasa nafundisha biolojia. Nawaambia wanafunzi kwamba kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo haviwezi kuishi bila oksijeni ya hewani. Vikipata unyevu na hewa hula, huzaana na kutoa joto. Kila tulipoligeuza lile lundo tulivipelekea pumzi. Likizo iliyopita nilimweleza Kabula haya yote, nikimlaani baba mdogo kila baada ya maneno mawili. Alikuwa anapepeta mpunga. Akasimamisha ungo.

"Kuianika ingechukua siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili tu?"

Nikamwambia ndiyo, na papo hapo nikatamani ningenyamaza.